Chakula cha Ng'ambo Hakihesabiwi

Osborn Omaido alianza kunenepa mwaka ule mpaka wa Busia uliporahisishwa.

Kabla ya hapo alikuwa mtu mwembamba, na soli za viatu vyake hazikumaliza miezi mitatu. Kazi yake ya wakala wa forodha ilikuwa kazi ya miguu. Karatasi za lori moja zilitaka mihuri upande wa Kenya na mihuri upande wa Uganda, kila muhuri ulikuwa na dirisha lake, na kila dirisha lilikuwa na ofisa ambaye ametoka kidogo. Osborn alivuka geti mara kumi, mara kumi na tano kwa siku, bahasha kwapani, akiruka madimbwi na kupenya katikati ya malori. Kisha maofisa wa nchi zote mbili wakawekwa chini ya paa moja, karatasi zikaingia kwenye kompyuta, na Osborn akapata kiti chenye magurudumu. Mizigo aliyoshughulikia ilikuwa inaingia Uganda, kwa hiyo kiti chake kilikuwa upande wa Uganda. Asubuhi alipanda bodaboda kutoka nyumbani kwake Burumba, upande wa Kenya, akavuka mara moja. Jioni akapanda nyingine, akarudi mara moja. Wenzake wote walishangilia mabadiliko hayo, naye akashangilia pamoja nao. Miaka iliyofuata vifungo vya mashati yake vilianza kuachana na matundu yake, kimoja baada ya kingine, kuanzia chini kwenda juu.

Aliyeona kwanza ni mkewe, Selpher, ambaye ni fundi cherehani. Mara mbili aliifumua suruali ya mumewe kwa nyuma na kuiongeza. Mara ya tatu aliigeuza ndani nje, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akamrudishia.

"Baba Becky," alisema, "kitambaa kimeisha humu ndani. Kilichobaki sasa ni wewe."

Ndipo Osborn alipokwenda kliniki, tumbo tupu, kama alivyoagizwa. Muuguzi, Sista Hajara, mama mfupi mwenye sauti ya upole na sindano isiyo na upole, alimchoma kidole, akasubiri kile kimashine kilie, akasoma.

"Sita nukta nane. Hujaingia bado, lakini umeshika komeo la mlango. Baba yako yuko hai?"

"Hayupo."

"Alikuwa na sukari?"

Osborn alitazama viatu vyake. Baba yake, Mzee Ikwap, alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti, na kwa mwaka mmoja na nusu Osborn ndiye aliyekuwa akimbeba asubuhi na kumweka nje palipo na jua. Alikuwa mzito mwanzoni. Mwishoni alikuwa mwepesi kama mtoto wa shule, na wepesi huo ndio Osborn hakutaka kuukumbuka.

"Alikuwa nayo," alijibu.

"Basi sikiliza. Nakupa miezi mitatu. Ukirudi hapa na saba, tunaanza dawa, na dawa hizo si za wiki mbili. Ukirudi na chini ya sita nukta moja, utaondoka na mikono mitupu." Sista alichukua kalamu. "Nyumbani unakula nini?"

Osborn si mwongo. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi hajawahi kuandika magunia arobaini penye magunia hamsini. Lakini kazi ilikuwa imemfundisha kwamba fomu hujibiwa kama ilivyouliza. Ikiuliza mzigo unaoingia, unaandika unaoingia. Mzigo wa kupita, ule unaokwenda zake nchi ya tatu, una fomu yake nyingine. Sista alisema nyumbani, na nyumbani ni Burumba. Kwa hiyo alitaja chai ya maziwa na mandazi mawili, ugali wa usiku, mboga, nyama Jumapili. Kile alichokula saa nne asubuhi na saa tisa alasiri kwenye kibanda cha Proscovia, upande wa Uganda, kilikuwa mzigo wa kupita. Hakikufika nyumbani kabisa.

Sista Hajara alisoma alichoandika, akakunja uso kidogo. "Si kingi," alisema. "Mwili wako basi unashika sana. Punguza sukari na mafuta, nusu ya sahani iwe mboga, na utembee kila siku mpaka utoke jasho. Kisha kata kamba yenye urefu wako, ikunje katikati, uizungushe kiunoni. Ncha zikikutana, uko salama. Zisipokutana, endelea kutembea. Na usifanye peke yako. Nyumba nzima ifanye."

Selpher alipoambiwa habari ya kamba alifurahi, maana kupima watu ndiyo kazi yake. Jumapili jioni aliwasimamisha wote ukutani, mmoja mmoja, akakata kamba tano. Mama yake Osborn, Bi Edah, mwenye umri wa miaka sabini na mitatu, alisimama wa kwanza. Kamba yake ilimzunguka ikabaki kiganja kizima.

"Mimi nililima," alisema, akaenda kukaa.

Kwa Becky, binti mkubwa aliyekuwa kidato cha pili, ncha zilikutana bila kusukumana. Emmy, mdogo wake wa miaka tisa, alitaka kamba yake iwe ya rangi. Ya Selpher mwenyewe ilipungua kidole kimoja, naye akaifungua upesi na kuitundika kabla mtu hajauliza. Kisha ikafika zamu ya baba mwenye nyumba. Aliingiza tumbo ndani mpaka macho yakamtoka.

"Pumua, Omaido," alisema mama yake.

Alipumua. Nafasi iliyobaki kati ya ncha mbili ilipimwa kwa vidole vya Emmy, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa karibu. Vilikuwa sita.

"Itabidi niazime kimoja cha mkono wa pili," Emmy alisema.

Kamba tano zilitundikwa kwenye misumari kando ya mlango wa jikoni, na kuanzia siku ya pili nyumba ilibadilika. Selpher alitangaza kwamba hapiki sufuria mbili, moja ya mgonjwa na moja ya wazima. Kopo la sukari lilipanda juu ya kabati, mahali ambapo ni yeye tu angelifikia kwa kusimama juu ya kiti cha cherehani. Mafuta, yaliyokuwa yakimiminwa, yakaanza kupimwa kwa kijiko. Mandazi ya asubuhi yakapisha viazi vitamu. Unga mweupe ukapisha ugali wa wimbi na muhogo, ule mweusi mzito ambao Bi Edah alikuwa akiuomba kwa miaka na kuambiwa kwamba watoto wa mjini hawauli. Sasa watoto wa mjini waliula, na majani ya kunde yaliyoungwa kwa njugu za kusaga. Wiki ya kwanza Becky alilalamika. Wiki ya pili alilalamika huku akiongeza mboga.

Kutembea ndiko kulikoleta matatizo. Walipanga kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, watembee mpaka Korinda na kurudi kabla ya shule na kazi. Lakini Busia ni mji ambao umekula na kusomesha watoto kwa kubeba watu. Watu watano wakitembea kando ya barabara alfajiri, na mmoja wao ni bibi kizee, ni mzigo ulioanguka kutoka mbinguni. Waendesha baiskeli walikuja wa kwanza, kisha wa pikipiki.

"Mzee, panda," alisema kijana mmoja wa pikipiki. "Mama mpandishe hapa, mtoto katikati."

"Tunatembea tu," Osborn alisema.

"Mnatembea mnakwenda wapi?"

"Korinda."

"Korinda kufanya nini?"

"Kugeuka."

Yule kijana alifikiri kidogo, akashusha sauti. "Poleni sana. Amefariki nani?"

Siku ya tatu walikuwa wakisindikizwa na baiskeli nne na pikipiki mbili, mwendo wa pole, kama arusi. Mwenye kibanda cha simu alimuuliza Selpher kwa siri kama wamefukuzwa nyumba. Osborn alisema yeye anarudi kwenye kiti chake. Bi Edah ndiye aliyepata dawa. Asubuhi ya nne alitoka na kikapu kitupu mkononi.

"Mtu mwenye kikapu ana anakokwenda," alisema.

Na ndivyo ilivyokuwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyewauliza kitu. Na kikapu nacho hakikukubali kurudi kitupu, maana pale Korinda akina mama walikuwa wakishusha mboga za asubuhi, zingali na umande, na Bi Edah hawezi kupita mbele ya mnavu mzuri bila kusimama. Kwa hiyo kikapu kilichobebwa kuwanyamazisha wapita njia kikawa ndicho kinacholisha nyumba. Emmy alikuwa akiruka kamba mbele yao, Becky akihesabu hatua kwa simu, na Osborn akija nyuma, akivuta pumzi kama msumeno.

Saa mbili alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, ng'ambo. Saa nne njaa ya kutembea ilimshika vibaya kuliko zamani. Akaenda kwa Proscovia.

Wiki ya tano, Jumapili, kamba zilishushwa tena. Ya Selpher ilikutana, naye safari hii aliiacha ining'inie kiunoni mpaka wakati wa kulala. Bi Edah alisema magoti yake hayalii tena anapoinuka. Ya Osborn ilizungushwa, ikavutwa, Emmy akaweka vidole.

"Sita," alisema.

"Pima tena," alisema Selpher.

"Sita, Mama. Na nimevibana."

"Kamba imerudi," alisema Osborn. "Kamba za siku hizi zikipata mvuke wa jikoni zinarudi."

"Zetu mbona hazijarudi?" Becky aliuliza.

Osborn aliketi. Alikuwa na hasira ya kweli, hasira ya mtu aliyeonewa. Alikuwa ametembea wiki tano. Alikuwa amekunywa chai isiyo na sukari mbele ya mama yake mzazi. "Mwili wangu ndivyo ulivyo," alisema. "Sista mwenyewe alisema unashika. Hakuna haja ya kuwatesa wote. Mama Becky, teremsha kopo. Watoto wapate mandazi yao."

"Mimi sitaki," alisema Emmy. Alikuwa akiitundika kamba ya baba yake kwenye msumari, mgongo umewaelekea. "Ijumaa kwa kina Sumayah kulikuwa na keki, siku yake ya kuzaliwa. Nilisema nitakula siku kamba ya Baba ikikutana."

"Hukula keki?" Osborn aliuliza.

"Nilikula ndizi."

Osborn alihisi kama kila alichokula kwa Proscovia wiki nzima kimeinuka tumboni na kukaa wima, kikimtazama. Jumatatu aliahidi moyoni kwamba hatakwenda. Saa nne aliketi. Saa nne na robo Mubarak, wakala mwenzake kutoka upande wa Uganda, alipita akampiga begani: "Mzee, sahani inapoa kule." Akaenda. Alijiambia kwamba alikuwa ameshaagiza tangu Ijumaa, na mtu wa heshima havunji oda.

Jumamosi iliyofuata Bi Edah alitaka simsim, yaani ufuta, na simsim anayoikubali hupatikana soko la Sofia, ng'ambo. Becky akasema basi ndiyo iwe matembezi ya leo, watembee mpaka Sofia na kurudi.

"Huko kuna vumbi," alisema Osborn.

"Korinda hakuna vumbi?" Selpher aliuliza.

"Na malori. Mtoto mdogo huyu."

"Baba, wewe unakwenda kila siku," alisema Emmy.

Walivuka geti saa tatu na nusu, kikapu mbele. Osborn alivaa kofia na kuishusha mpaka kwenye nyusi. Alipendekeza wapite njia ya nyuma, akasema ina kivuli. Selpher alitazama juu, kulikuwa na mawingu, akamtazama mumewe, wakapita njia ya mbele.

Kibanda cha Proscovia kina meza mbili, benchi nne, na jiko la mkaa lenye kikaango kipana cha chapati. Proscovia mwenyewe ni mama mrefu mwenye macho yanayomtambua mteja kwa kivuli chake. Kofia haikumsumbua hata kidogo.

"Mzee wa mayai manne," aliita. "Leo unakuja na watu yako yote. Karibu, mama. Karibu, jajja, bibi yetu. Kaa, kaa. Mzee, mimi naweka ya kawaida?"

Osborn alifungua mdomo. Selpher alikuwa ameshaketi.

"Weka," alisema Selpher. "Ya kawaida yake, hiyo hiyo. Usipunguze kitu."

Ilikuja kwa awamu. Kwanza sahani ya katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na matumbo, mchuzi umesimama ukingoni. Kisha chapati mbili zilizoviringishwa na mayai manne, ambazo upande ule huitwa roleksi, zikimeta mafuta. Kisha soda ya chungwa, chupa kubwa, imetoa jasho. Proscovia aliifungua kwa mpini wa kijiko na kurudi nyuma kidogo, kama fundi anayetazama kazi yake.

Familia ilitazama meza. Emmy alihesabu mayai kwa kunyoosha kidole.

"Hii ni ya mchana?" Selpher aliuliza.

"Hapana, mama. Hii ni ya saa nne. Ya saa tisa bado."

"Ya saa tisa ikoje?"

"Iko kidogo tu. Chapati na maharage, na chai. Mzee hapendi chai bila sukari."

Becky alifunika mdomo kwa mkono, lakini mabega yalikuwa yakimtikisika. Bi Edah alivuta sahani ya katogo karibu yake, akaonja kwa ncha ya kijiko.

"Ni tamu," alisema. "Sikulaumu kwa utamu."

Selpher aliomba sahani nne tupu na kisu. Hakupandisha sauti. Alizikata chapati vipande sita, akagawa katogo mara tano, akamimina soda kwenye vikombe, akamwekea kila mmoja, na mumewe pia, sehemu yake. Walikula wakashiba, wote watano, bibi, baba, mama, msichana wa kidato cha pili na mtoto wa miaka tisa, na kipande cha chapati kikabaki. Emmy alikitazama kile kipande kwa muda.

"Hiki ni cha nani?" aliuliza.

Osborn alivua kofia. Alikuwa amekula chakula kile kwa miaka, na hajawahi kukiona.

Wakiwa njiani kurudi, simsim kikapuni, alijaribu kueleza. Alieleza habari ya Sista na neno nyumbani, habari ya fomu, habari ya mzigo wa kupita. Alieleza kwa utaratibu, kama anavyomweleza ofisa mpya, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia mwenyewe jinsi inavyosikika. Walipofika getini Selpher alisimama katikati ya watu, akashika kiuno, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Askari wa zamu naye akacheka, bila kujua anacheka nini.

"Mzigo wa kupita," alisema Selpher, akijifuta. "Na hapa ulipopita ukaacha nini, Baba Becky? Ushuru?" Akampiga tumboni kwa kiganja, si kwa nguvu.

Bi Edah hakucheka. Alisubiri mpaka wavuke, mpaka wasichana watangulie mbele na kikapu, ndipo alipomshika mwanawe mkono.

"Baba yako alikuwa akiweka sukari guru kwenye mfuko wa koti," alisema. "Kila siku ya soko. Mimi ndiye niliyefua lile koti. Nilijua, nikanyamaza, nikasema ni mtu mzima." Alitembea hatua kadhaa. "Wewe sikunyamazii, Omaido. Sina nguvu ya kumbeba mtu kwenda juani."

Osborn alimshika mama yake mkono mpaka nyumbani, na ilikuwa vigumu kujua nani anamwongoza mwenzake.

Jumatatu alimwendea Proscovia mapema, kabla ya saa nne, kabla harufu haijaanza kumwita. Alisimama, hakuketi.

"Proscovia, mimi kwako siondoki. Lakini ya kawaida imekwisha."

"Mzee, unaua biashara yangu."

"Nipikie nyingine. Ndizi za kuchemsha, mchuzi wa njugu bila mafuta, yai moja la kuchemsha, na nusu ya sahani iwe majani ya dodo, huu mchicha wenu. Maji badala ya soda. Saa tisa nitakula chungwa."

Proscovia alimtazama toka juu mpaka chini. "Mke yako ni mkali," alisema, kwa heshima. Akaenda kuosha dodo.

Siku za mwanzo ile sahani ya kijani ilikuwa kichekesho cha kibanda. Mubarak aliuliza kama mzee ameanza kufugwa. Lakini Mubarak naye alikuwa na mkanda uliofika tundu la mwisho, na siku moja, mvua ikinyesha, watu wachache, alisema kwa sauti ya chini, "Proscovia, hebu nionjeshe hiyo ya mzee." Wiki mbili baadaye kulikuwa na madereva watatu wa malori wanaoagiza "ya mzee", na Proscovia alikuwa amenunua sufuria ya pili kwa ajili ya dodo.

Jambo la pili alilofanya Osborn lilikuwa la kazini. Kompyuta ilikuwa imechukua karatasi, lakini haikuwa imechukua malori. Kuna wakati foleni hurefuka, na lazima mtu aende kwa miguu kumtafuta dereva, kutazama lakiri ya kontena kama iko sawa, kulinganisha namba. Kazi hiyo walikuwa wakitupiana, kila mmoja akisingizia goti. Osborn alisema ataifanya yeye, yote. Akanunua viatu vyenye soli nene, akaacha bodaboda za asubuhi na jioni. Madereva wakaanza kumwona tena kama zamani, bahasha kwapani, akipenya katikati ya malori, isipokuwa sasa alikuwa akipumua kwa sauti.

Na Jumapili jioni, kabla ya kamba kushushwa, alisimama mbele ya msumari wake na kutaja alichokula juma zima, Kenya na Uganda, bila kuulizwa. Mara nyingine orodha ilikuwa na doa. "Alhamisi, nusu chapati, ya Mubarak." Emmy alikuwa akisikiliza kwa makini kuliko hakimu.

Vidole sita vikawa vitano. Vitano vikakaa wiki mbili, vikamkatisha tamaa. Kisha vikawa vitatu kwa ghafla, mpaka Selpher akashuku vidole vya Emmy vimekua, akavipima kwa utepe wake wa kazi.

Siku ya kliniki walikwenda wote, kwa miguu, kikapu mkononi, ingawa Osborn alisema kikapu kliniki ni aibu. Alikuwa hajala tangu usiku. Alikaa kwenye benchi akisugua kidole kile kile kilichochomwa mara ya kwanza, na Bi Edah kando yake alikuwa ametulia mno, mikono magotini, macho kwenye mlango.

Sista Hajara alichoma, kimashine kikalia. Alisoma, akakigeuza ili Osborn asome mwenyewe.

Tano nukta tisa.

"Mikono mitupu," alisema Sista. "Lakini komeo la mlango bado liko karibu, usilisahau. Rudi baada ya miezi mitatu." Akachukua kalamu, akafungua ukurasa. "Sasa, nyumbani unakula nini?"

Osborn alijisogeza mbele kwenye kiti. "Sista," alisema, "nianze na nyumbani, au nianze na ng'ambo?"

Kalamu ilisimama. "Ng'ambo kuna nini?"

Alimweleza. Alianza na mayai manne ya zamani, akaja kwenye soda, akaenda kwenye chapati ya saa tisa, akafika kwenye dodo. Ilichukua muda. Watu wa foleni walianza kugonga mlango kwa vidole. Sista alifuta ukurasa wa miezi mitatu iliyopita kwa mstari mmoja mrefu, akaandika upya, na mara mbili ilibidi aweke kalamu chini, acheke kwanza.

Nje, Bi Edah alipoambiwa namba, hakuuliza maana yake. Aliuliza tu, "Anabebwa?"

"Habebwi, Mama," alisema Selpher.

"Basi twende, mboga zinanyauka."

Jioni ile, ingawa haikuwa Jumapili, Emmy alishusha kamba. Vilikuwa vimebaki vidole viwili. Emmy aliviangalia, akasema keki ya mwaka ujao kwa kina Sumayah bado iko mbali, ataweza kungoja. Selpher naye alikuwa ameketi kwenye cherehani, suruali ya mumewe mbele yake, ile ile iliyokwisha kitambaa. Alikuwa akiibana nyuma, na safari hii kitambaa kilikuwa kimezidi.

"Kikate kabisa," alisema Osborn. "Kisirudi."

Selpher alipitisha sindano mara ya mwisho, akaukata uzi kwa meno.

"Nimekikunja tu kwa ndani," alisema. "Kukata, tutazungumza baada ya miezi mitatu."